Jumbe Kiboko na Ghala la Ng'ambo

Katika kijiji cha Kokwa hakuna aliyewahi kunyimwa nafasi. Ukimwendea Jumbe Kiboko ukamwambia unataka mikeka elfu kumi uwanjani, alifungua kinywa chake kile kipana akasema, "Umepewa." Ukiomba laki, umepewa. Uwanja wenyewe, pale chini ya mbuyu, ulikuwa na mikeka milioni mbili na ushei, kila mmoja wa kubeba baiti 4,096, na ahadi zilizokwisha kutolewa zilikuwa za mikeka milioni tano. Jumbe hakuwa mwongo, alikuwa mzoefu tu. Alijua kwamba wengi huomba nafasi ili wajione wanayo, kisha hawaitandiki. Hesabu hiyo ilimwendea vizuri kwa miaka mingi, na serikali nyingi zimeendeshwa kwa hesabu mbovu kuliko hiyo.

Kazi zote zilifanyika uwanjani, maana huko mkono hufika upesi. Ng'ambo ya mto palikuwa na ghala la vitabu na kumbukumbu za kijiji, na ndani yake chumba kimoja kilitengwa kwa mizigo ya waliolala. Chumba hicho kilikuwa na taratibu zake. Kabla hakijatumika, kilipigwa muhuri wa SWAPSPACE2 mwishoni mwa mkeka wake wa kwanza, asije mtu akakidhania chumba cha mahindi. Ufunguo alikuwa nao Jumbe peke yake, kwa sababu mzigo wa aliyelala una siri zake: barua, nywila, madeni. Na jina la chumba liliandikwa kwenye daftari la fstab, kwa kuwa kila moto wa kijiji ulipozimwa na kuwashwa upya, Jumbe alisahau chumba chochote kisichoandikwa humo.

Mchukuzi alikuwa Punda. Wanaoishi na Linux wanamjua kwa jina la kswapd, na wengi wao wamemtukana bure. Punda hakungoja uwanja ujae. Mbuyu ulichongwa alama tatu: nafasi ikishuka chini ya alama ya kati, Punda huamka, ikipanda hadi ya juu, hurudi kulala, ikifika ya chini kabisa, kila anayeomba mkeka hulazimika kwanza kuwaondoa wengine kwa mikono yake mwenyewe. Kilichomsumbua ni kuchagua cha kuondoa. Kulikuwa na mikeka yenye kurasa zilizonakiliwa kutoka vitabu vya ghalani. Hizo, kama hakuna aliyezibadili, Punda alizitupa tu, maana asili yake ipo. Na kulikuwa na mikeka yenye mambo ambayo wenyewe waliyawaza pale pale uwanjani, hayana nakala popote duniani. Hayo hayatupwi. Yalibebwa mgongoni, yakavushwa mto, yakawekwa kwenye kile chumba.

Apendelee yapi? Palikuwa na kigingi chenye namba, nacho tangu zamani kimesimama kwenye 60. Kikishushwa hadi 0, Punda hukwepa kadiri awezavyo kubeba mali za watu na hutupa kurasa za vitabu. Zamani kigingi kilikomea 100. Tangu 2020 kinaweza kupandishwa hadi 200, kwa vijiji ambavyo kuvusha mzigo ni rahisi kuliko kutafuta kitabu. Wapo wanaokizungusha kila wiki bila kutazama kama Punda amebadili mwendo.

Shida iliingia na Ngedere. Ngedere alifungua biashara ya madirisha: kila dirisha lilikuwa na mwanawe wa kulilinda, kila mwana na mikeka yake, na dirisha likishafunguliwa halifungwi, kwa sababu "nitalisoma baadaye". Nafasi ikapungua, Punda akaanza kuvusha. Alianza na mizigo ya Popo, mpiga chapa ambaye hakuwa ameletewa kazi tangu masika. Hakuna aliyeona tofauti, wala Popo mwenyewe hakuamka. Hadi hapo ghala lilifanya kazi yake barabara.

Lakini Ngedere aliendelea kufungua, na waliolala wakaisha. Punda akageukia walio macho. Anavusha mzigo wa Kware, Kware anauhitaji, Punda anarudi nao, na ili upate pa kutua lazima auondoe wa Bata, naye Bata yuko katikati ya kushona. Ukipiga hodi asubuhi, karibu inakuja mchana. Jumbe alipita, akawaona wote wamesimama mikono mitupu wakiitazama njia ya mto, akaandika kwenye taarifa yake kwamba kijijini shughuli ni nyingi.

Ugonjwa huo ni wa siku nyingi. Kompyuta ya Atlas ya Manchester, Uingereza, ilikuwa na uwanja mdogo na ghala la ngoma ya sumaku tangu 1962, na mwaka 1968 Mmarekani Peter Denning akaeleza kwa nini mashine za namna hii huporomoka ghafla badala ya kuchoka polepole: kila kazi ina mikeka inayoihitaji kwa wakati mmoja, na mahitaji ya wote yakiuzidi uwanja, hakuna ujanja wa mchukuzi utakaofaa. Kokwa hawakuwa wamemsoma. Waliitisha baraza.

"Babu zetu walijenga ghala mara mbili ya uwanja," alisema Sungura, asitaje kwamba uwanja wa babu zake ulikuwa na mikeka elfu chache. "Lifungwe kabisa," alisema Kanga. "Pasipo ghala hapana kuvushwa." Baraza likakubali yote mawili, kwa zamu.

Ghala likapanuliwa. Ngedere akashukuru, akafungua madirisha mengine, na kijiji ambacho zamani kingekwama siku moja kikaweza sasa kukwama siku tatu. Ikafuata zamu ya Kanga. Kufunga hakukuwezekana mara moja, kwa kuwa chumba hakifungwi mpaka mizigo yote irudi uwanjani, na uwanjani hapakuwa na pa kuiweka. Ngedere alibembelezwa mpaka akafunga madirisha ishirini, huku akilia. Popo akarudishiwa mikeka yake, akailalia. Punda, aliyekatazwa kugusa mali ya mtu, alibaki na kurasa za vitabu tu za kutupa; alizitupa, wasomaji wakazifuata ng'ambo, akazitupa tena. Njia ya mto ikajaa vilevile. Kanga akatoa taarifa kwamba hakuna mzigo hata mmoja uliovushwa, kwa hiyo tatizo limekwisha.

Usiku mmoja mikeka ikaisha. Jumbe alikuwa ameshasema "Umepewa", aliyepewa akaja kutandika, hakuna. Hapo huitwa Fisi.

Fisi wa Kokwa ni mtumishi wa umma, hana chuki na mtu. Huhesabu mikeka ya kila mmoja, ya uwanjani na iliyovushwa pamoja, akaongeza au kupunguza kwa cheti cha mhusika, chenye alama kuanzia -1000 hadi 1000. Anayeongoza haamki. Ngedere na wanawe walishika zaidi ya nusu ya uwanja, lakini Fisi huhesabu kichwa kwa kichwa, na kila mwana alikuwa na vijikeka vyake vichache. Tembo, mtunza hesabu za kijiji, alikuwa mmoja, na daftari zote alizikalia peke yake. Asubuhi Tembo hakuwapo. Nafasi ikawa tele, ila hakuna aliyejua nani anamdai nani. Ngedere alituma rambirambi kupitia dirisha jipya.

Ndipo walipomkumbuka Kobe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mmekuja kuniuliza ukubwa wa ghala?"

"Ndiyo, babu."

"Popo akilala ng'ambo miaka kumi, nani ataumia? Niambieni Punda anavuka mto mara ngapi saa za kazi, na anarudi na mizigo mara ngapi."

Hakuna aliyejua. Kamati ilikuwa imelipima ghala kwa kamba, urefu na upana, ikala posho.

Ghala likafunguliwa tena, la wastani. Ngedere na wanawe wakazungushiwa uzio mmoja, wahesabiwe nyumba moja, na wakizidi kipimo Fisi atafute humo humo ndani. Mrithi wa Tembo alitaka cheti cha -1000, asiguswe kamwe. Kobe alimpa -900. "Wakubwa wote wakipewa elfu hasi," alisema, "Fisi atamla Popo." Jumbe naye alishauriwa aanze kukataa maombi yanayozidi mikeka iliyopo. Alisema atalifikiria, na kwa aliyeleta shauri hilo akaongeza, "Umepewa."

Nawe mwenye mashine ya Linux inayosuasua, kabla hujapanua ghala wala kulifunga, andika vmstat 1 uzitazame safu mbili, si na so: ya kwanza ni mizigo inayorudi uwanjani kila sekunde, ya pili ni inayovushwa. Mstari wa kwanza uuruke, maana huo ni wastani tangu mashine ilipowashwa.