Mzigo Ufike, na Salamu Zifike: Mwongozo kwa Mkaazi wa Kampala

Kabla hujamkabidhi mtu mzigo Kampala, msalimie. Watu wa haraka huiruka hatua hii, kisha wanalalamika kwamba bahasha yao imeshinda siteji mpaka magharibi. Simama mbele ya kijana wa boda, mwite ssebo hata kama umemzidi miaka ishirini, na kama aliyekaa kwenye pikipiki ni mwanamke mwite nnyabo. Mwambie gyebale ko, umshukuru kwa kazi kabla hajaianza. Naye ataitikia, atakuuliza ya nyumbani, utajibu. Dakika moja imekwenda. Hiyo ndiyo bima ya kifurushi chako, na haikatwi kodi.

Hatua ya pili ni kumchagua mbebaji kwa siteji yake. Usimtazame kwa uzuri wa pikipiki. Yule anayepita barabarani akikupigia honi ni msafiri kama wewe. Leo yupo Wandegeya, kesho Mukono. Wa siteji ana mwenyekiti, ana wenzake wanaojua anakolala, ana mahali pake chini ya mwembe ambapo utamkuta kesho asubuhi. Programu za simu zimesaidia sana tangu SafeBoda ianze hapa mwaka 2014: unaona jina la dereva na njia aliyopita. Lakini mama anayetuma dawa kwa binti yake aliyejifungua Najjera huenda hana simu ya kuweka programu. Siteji ndiyo daftari lake, na daftari hilo halihitaji chaji.

Sasa tuje kwenye maelekezo, ambako ndiko mizigo mingi hufia. Wachache sana katika mji huu hutaja namba ya nyumba, kwa hiyo elekeza kama watu wa hapa. Anza na kilima: Rubaga, Kibuli, Muyenga, Mulago. Shuka kwenye kitu kinachoonekana kwa mbali, kama mnara wa msikiti mkuu pale Old Kampala. Kutoka hapo nenda kwenye kituo cha mafuta, kisha kwa muuza chapati, kisha geti na rangi yake. Ukifika kwenye geti, nyamaza. Usiongeze mbwa wa jirani.

Kuna makosa mawili ambayo nakusihi uyaache. La kwanza ni kuelekeza kwa vitu vilivyokufa. "Pale palipokuwa na duka la Mhindi" ni anwani nzuri sana kwa mtu aliyekuwapo duka likiwapo. Kijana aliyekuja mjini juzi kutoka Kamuli atauliza duka hilo kwa watu wasiolijua, nao, kwa ukarimu, watamwonyesha duka jingine. La pili ni kusema kushoto na kulia bila kujua mwenzio anatokea upande gani. Muulize kwanza yuko wapi, ndipo useme kushoto.

Na ukishaelekeza, mwache aendeshe. Kumpigia simu kila baada ya dakika mbili ni kumtaka aendeshe kwa mkono mmoja katikati ya malori ya Jinja Road, na mzigo wako haulingani na roho ya mtu. Mvua ikinyesha, jua kwamba Bwaise na Kalerwe mitaro hufurika na njia hugeuka mto. Atajikinga chini ya kibanda na wenzake kumi, akiukumbatia mzigo wako usilowane. Msubiri.

Mzigo wa mbali ni mambo mengine. Kama unatuma Arua, Gulu, Mbale au Kabale, nenda penye mabasi, Kisenyi au pale Namirembe, na uende mapema kabla ya saa ya kuondoka, maana saa hiyo kila mtu ana ndugu, gunia na hasira. Funga kwa kavera, yaani mfuko wa plastiki, ndani, na gunia nje. Andika kwa maka peni jina la mpokeaji na namba yake ya simu pande zote, kwa sababu upande ulioandikwa peke yake ndio utakaolala chini. Chukua risiti. Soma namba ya basi kwa macho yako, kisha mpigie mpokeaji umtajie basi, saa, na umbo la mzigo: gunia jeupe, kamba ya buluu, lina mayai. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa anayetuma, mzigo ni usufi. Kwa kijana anayeupandisha juu ya basi alfajiri, hata godoro ni jiwe. Ufunge vizuri, na kama una sarafu ya ziada, mpe yeye mkononi.

Ukiona taabu hizi ni za leo, kumbuka barua mashuhuri kuliko zote zilizowahi kutoka nchi hii. Aprili 1875 msafiri Henry Morton Stanley alikuwa kwa Kabaka Mutesa I, mfalme wa Buganda, akaandika barua ya kuwaita wamisionari wa Uingereza. Mbebaji alikuwa mgeni mwingine wa Kabaka, Linant de Bellefonds, aliyekuwa ametumwa kutoka kaskazini na Charles Gordon, gavana wa Ekwatoria kwa niaba ya Misri. Akaondoka nayo kufuata Nile. Agosti mwaka huohuo akauawa katika nchi ya Wabari. Barua haikufa naye. Inasimuliwa kwamba ilipatikana ndani ya buti lake. Novemba ikachapishwa London katika gazeti la Daily Telegraph, na katikati ya 1877 wamisionari wa kwanza walikuwa wamekwisha fika mbele ya Mutesa. Vitabu vinamsifu aliyeandika. Mimi namkumbuka aliyebeba.

Tena namkumbuka wa tatu, ambaye wasomaji wa Kiswahili tungepaswa kumjua zaidi: Dallington Maftaa, kijana aliyesomeshwa na misheni Zanzibar, aliyefika na msafara wa Stanley na kubaki kwa Mutesa. Alimsomea Kabaka Maandiko, akamwandikia barua zake. Kiswahili kilikuwa tayari kinazungumzwa kwenye baraza lile, kikiwa kimeletwa na wafanyabiashara wa pwani. Basi hatua hii nayo iweke kwenye mwongozo: ukituma ujumbe ulioandikwa kwa bibi yako Masaka, hakikisha kuna mjukuu wa kumsomea, tena anayesoma polepole.

Nauli ya barua nayo ina historia yake kwenye kilima cha Mengo. Mwaka 1895 mmisionari Ernest Millar alipiga stempu za kwanza za Uganda kwa taipureta, bei yake ikihesabiwa kwa kauri. Hakungoja kiwanda cha uchapaji. Palikuwa na karatasi, mashine, na watu waliotaka habari zao zifike.

Habari ya msiba ina taratibu zake, na hapa sitaki mzaha. Usiitume kwa maandishi ya mistari miwili kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili, marehemu akatokea chini ya picha ya keki. Wa karibu waendewe kwa miguu, na atangulie mtu mzima. Wengine watasikia redioni, kwenye ebirango, matangazo ambayo Uganda nzima huyanyamazia. Andika tangazo lako kwa ukamilifu: jina la marehemu, babake, ukoo wake, kijiji, mwili ulipo, siku na saa ya maziko, kisha wanaopaswa kupashwa habari, jina kwa jina, na walipo. CBS, redio ya ufalme wa Buganda, ilipofungwa kuanzia Septemba 2009 hadi Oktoba 2010, njia hii ilizibika kwa familia nyingi zilizoizoea. Mtaani kwako kuna pia ebizindaalo, vile vipaza sauti vilivyofungwa juu ya nguzo. Ndivyo vya kwanza kujua mtoto gani amepotea na maji yatakatika lini. Mtangazaji wake mpe karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Ukimwambia kwa mdomo, jina la shangazi litabadilika njiani.

Uwe pia na njia moja isiyohitaji intaneti. Januari 2021, usiku wa kuamkia uchaguzi, mtandao ulizimwa nchi nzima, ukakaa hivyo siku kadhaa. Februari 2016, siku ya kura, hata kutuma pesa kwa simu kulifungwa. Waliokuwa na namba za ndugu zao kichwani, au zilizoandikwa nyuma ya kalenda ya ukutani, walipiga simu ya kawaida. Wengine walikaa na simu nzuri sana za kutazamia saa. Kwa hiyo andika leo namba tano kwenye karatasi: mzazi, jirani wa mzazi, mwenyekiti wa kijiji, mtu wa boda wa siteji yako, na daktari. Weka na noti chache za nauli pamoja nayo.

Bei mkubaliane kabla injini haijawaka, na usiibishanie tena akiwa ameshafika na jasho lake. Kama amepanda Muyenga kwenye matope, ongeza. Wewe unayepokea, mpigie aliyetuma mbebaji akiwa bado mlangoni, umwambie ukweli: mayai matatu yamevunjika, mengine mazima, salamu zote umezipata. Kisha mpe kijana maji ya kunywa, umuulize kama ana mzigo wa kurudi nao mjini.