Heri Mgeni Kasa

Wageni wa mjini ni wa namna mbili, na bahari inawajua wote: kasa na asidia. Kasa mnamfahamu. Asidia ni yule mnyama mdogo mfano wa kifuko, hujibandika kwenye nguzo za gati na chini ya mashua. Ukimgusa anakurushia maji. Shemeji yangu ni asidia.

Msicheke. Asidia akiwa mchanga ana mkia, ana jicho, ana ubongo, na anaogelea. Ukimwona utasema huyu atafika mbali. Kumbe anatafuta pa kukaa tu. Baada ya saa chache, au siku chache akichelewa, anapata mwamba, anajigandisha kwa kichwa, kisha mwili wake unaumeng'enya mkia na sehemu kubwa ya ubongo. Vya nini tena, na mahali keshapata? Kazi inayobaki ni kuvuta maji kwa tundu moja, kuchuja chakula na kuyatoa kwa tundu la pili.

Shemeji naye alikuja mwepesi, kila asubuhi yuko njiani kusaka kazi. Alipolijua kochi langu, vyeti vikaingia kabatini. Sasa rimoti ni yake, na ukimgusia habari ya kazi anakurushia maneno. Moyo wa asidia husukuma damu upande huu, kisha hugeuza ikaenda upande ule. Shemeji Ijumaa anaondoka, Jumamosi kaghairi.

Kasa naye si malaika. Hupanda ufukweni usiku bila hodi, pale Watamu au Mafia, akachimba shimo, akataga mayai 100 na ushei, akafukia, akarudi zake baharini. Kulea hajui. Na yale machozi msidanganyike: ni chumvi anayoitoa mwilini. Binamu yangu alituletea watoto wa likizo hivyohivyo, machozi tele, unga hata kilo hakuna.

Lakini haki yake tumpe. Wana wa kasa hutoka mchangani baada ya miezi kama miwili, wakakimbilia majini wenyewe. Hawaombi nauli.

Mama watoto anasema nina roho ya korosho, kaka wa mtu hafukuzwi. Sawa, simfukuzi. Ila nyie ndugu zangu mnaofunga mizigo kuja mjini, karibuni sana, mje kikasa. Kochi ni moja tu, na lina mwenyewe.