Kitandiko cha Droo Kisiwe Mlevi: Mwongozo kwa Mwenye Spana Zake

Watu hutoka jasho kununua spana nzuri, kisha huzilaza juu ya chochote kilichokuwa karibu siku hiyo: gazeti, kipande cha kapeti, pembe ya godoro bovu. Huko ni kukidhalilisha chuma, na leo tunakomesha. Sanduku la droo linastahili kitandiko kilichochaguliwa kwa akili. Kanuni ni moja: kitandiko kizuri hakinywi. Hakinywi maji, hakinywi oili, hakinywi dizeli. Kinachokunywa, siku ya siku huitapikia spana kutu.

Hatua ya kwanza: fukuza walevi

Mlevi wa kwanza ni gazeti, pamoja na binamu yake katoni. Karatasi hunyonya unyevu wa hewani hata kama hakuna tone lililomwagika, halafu huubana kwenye tumbo la spana usiku kucha. Kwa fundi wa Tanga, Dar es Salaam au Mombasa jambo hili ni zito zaidi, maana hewa ya bahari huja na chumvi. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji na kuyeyuka yenyewe unyevu wa hewa unapofika karibu asilimia 75, na mara nyingi usiku wa pwani unyevu huvuka hapo. Chumvi, maji na chuma vikilala pamoja, kutu haikosi. Gazeti lisomwe, kisha likafungie karanga.

Wa pili ni kapeti. Siku ya kwanza linapendeza, droo inaonekana sebule. Lakini nyuzi zake hukamata chenga za chuma zinazotoka kwenye tupa na msumeno, na kila ukivuta droo chenga hizo hukwaruza vifaa vyako. Grisi ikishaingia humo haitoki kwa sabuni wala kwa dua.

Wa tatu ni sponji ya godoro. Vitundu vyake vimeungana, kwa hiyo maji na oili hupita humo bila kubisha hodi. Tena huzeeka vibaya: baada ya miaka hugeuka unga unaonata, na unga huo ukiingia kwenye meno ya racheti utautoa kwa sindano huku mteja amesimama anakutazama.

Wa nne ni mpira wa tyubu, na huyu ndiye hatari zaidi kwa sababu maji hanywi. Mafundi wengi humwamini kwa hilo. Mpe oili au dizeli uone: huvimba, hulainika, na kuacha weusi kwenye mipini. Ngozi nayo usiiite. Dawa zinazotumika kuitengeneza kiwandani hubakiza chumvi na asidi zinazochokoza chuma. Ngozi ni ya viatu na mikanda.

Hatua ya pili: fanya usaili

Waombaji wawili wanastahili kuitwa. Mmoja ni EVA, ile sponji ngumu kidogo inayotengenezewa kandambili na ile mikeka ya watoto yenye herufi za kuunganisha. Vitundu vyake vimefungwa kila kimoja peke yake, hivyo maji hayana njia. Mwingine ni mpira wa naitrili. Huyu barua yake ya utambulisho unayo tayari gerejini: sili nyingi za oili kwenye injini zimetengenezwa kwa mpira huo huo, na kazi yake maisha yote ni kukaa ndani ya oili bila kuvimba.

Usiamini maneno ya muuzaji. Omba vipande viwili vidogo vilivyokatwa sawasawa. Kimoja kitumbukize kwenye kikopo cha oili ya injini, kingine kiache kikavu mezani. Kesho yake kifute kile cha oili na uvilinganishe: kikiwa kimekua, kimelegea au kinanata vidoleni, mwambie kwaheri. Kile kikavu nacho kilaze majini usiku mmoja, kifute juu, kisha ukikamue juu ya karatasi kavu. Karatasi ikilowa, umempata mlevi mwingine.

Bado kuna mtihani wa mteremko. Weka kipande kwenye bati, laza spana ya namba 17 juu yake, inua bati upande mmoja taratibu. Spana ikiondoka mbio kabla bati halijainuka vya kutosha, hata ndani ya droo itakimbia hivyo hivyo kila ukifunga. Na ukipewa wavu wa plastiki laini wa PVC, uwekee kwanza bisibisi yenye mpini wa plastiki, uiache siku kadhaa mahali penye joto. Dawa inayolainisha wavu huo inaweza kuhamia kwenye mpini na kuvigandanisha.

Hatua ya tatu: pima kina

Kwa spana za kawaida, kitandiko chenye unene wa milimita 2 hadi 3 kinatosha. Soketi nzito zinafurahia 5. Kabla ya kukata, pima kifaa kirefu kuliko vyote kikiwa kimesimama au kimelala ndani ya droo, maana kitandiko kinene hula nafasi na droo itakwama.

Mwenye uwezo akate sponji ya rangi mbili, nyeusi juu na nyekundu au njano chini, kisha achimbe umbo la kila kifaa. Mafundi wa ndege hufanya hivyo kwa sababu spana iliyosahaulika ndani ya injini inaweza kuua watu. Mahali patupu panapiga kelele kwa rangi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapo droo yenyewe ndiyo daftari.

Hatua ya nne: wape vipimo chumba chao

Venia na mikrometa zisilale na nyundo. Kampuni ya H. Gerstner & Sons ya Dayton, Ohio, iliyoanza mwaka 1906, imejijengea jina kwa masanduku ya mbao yenye droo za kitambaa cha felti. Felti hunywa, kweli, lakini huwa laini kwa nyuso zilizosagwa kwa uangalifu. Ukiitumia, wewe ndiye uamue inywe nini: futa kila kipimo kwa oili nyepesi kabla ya kukilaza, na anika felti mara kwa mara msimu wa masika.

Hatua ya tano: kata, usigundishe

Chora umbo la droo kwenye karatasi, kata kwa kisu kikali na rula ya chuma. Gundi usiitie, kwa sababu kitandiko lazima kitoke, kioshwe kwa sabuni, kikaushwe kivulini na chini yake pakaguliwe.

Yote hayo yanategemea tambara. Hakuna kitandiko duniani kinachoweza kuiokoa spana iliyorudishwa imelowa jasho la mkono na matope ya barabara. Mwanagenzi akijifunza kufuta kwanza, kulaza baadaye, spana anazozianzia kazi leo atakuja kuwaachia wanagenzi wake.