Feni Haiwashwi Nyumbani Kwetu

Ndugu msomaji, kama nawe unaishi na mkunja karatasi, hatuhitaji utambulisho mrefu. Kwangu ni Injinia, mwanangu wa pili. Tangu aanze kutengeneza wanyama wa origami, hakuna karatasi yenye usalama. Bahasha za kaki zimekwisha, kalenda ya mwaka jana imekuwa twiga, na kadi ya mchango wa harusi ya jirani imekuwa nyati. Mwenye kadi alipokuja kuifuata, alioneshwa nyati, na ahadi yangu ya fedha ikisomeka vizuri kabisa ubavuni.

Msidhani nazungumzia ndege tulizokuwa tukirusha darasani. Injinia anamfuata Akira Yoshizawa, Mjapani aliyezaliwa mwaka 1911, aliyebuni ufundi wa kukunja karatasi nzito ikiwa na unyevu. Hapo mnyama hupata mabega na mbavu za mviringo, na akikauka anabaki na umbo lake. Ndiyo maana sponji la kuoshea vyombo siku hizi linaishi mezani, na vyombo vinasubiri mpaka kifaru akamilike.

Lakini balaa kubwa ni wadudu. Robert Lang, mwanafizikia wa Marekani aliyeacha uhandisi mwaka 2001 akajikita katika sanaa hii, ameionesha hesabu yake: kila mguu na kila pembe hudai duara lake la karatasi. Mguu ukiwa mrefu, duara linakuwa kubwa, na maduara hayaruhusiwi kupandana. Injinia alimfundisha bibi yake somo hilo kwa kupanga vifuniko vya sufuria juu ya karatasi. Mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Hakimu, alitazama kwa makini, akatamka: "Kumbe mende anakula karatasi kuliko tembo!" Kisha akauliza wali wake utafunikwa na nini.

Jumapili moja akaja Shemeji Jasho, kaka wa mke wangu, mtu asiyevumilia joto la Dar es Salaam hata kwa dakika moja. Hakusalimia mtu kabla ya kuwasha feni. Karatasi ya mende, iliyokwisha kutiwa mikunjo midogomidogo kila upande, ikapaa, ikazunguka, ikatua kwenye bakuli la mchuzi wa samaki. Kimbunga, kitinda mimba wetu, akapiga makofi. Mama Watoto akanigeukia mimi, niliyekuwa bafuni wakati wote huo, akataka kujua kwa nini sikumzuia shemeji yangu. Hakimu akatoa hukumu: karatasi ikiwa mezani, feni haiwashwi. Kwa Hakimu hakuna rufaa.

Nami nasema hukumu ile ni ya haki. Injinia hakuwahi kutulia kitini, na sasa anakaa na karatasi moja ya mraba, bila mkasi wala gundi, akijua kwamba mkunjo wa kwanza ukienda upande kidogo, mguu wa mwisho hautoki. Baada ya mchuzi ule alifuta meza, akapima karatasi nyingine, akaanza upya. Subira ya namna hiyo sijui ningemfundisha kwa maneno gani.

Basi, wazazi wenzangu, Mungu akiwajalia mkunja karatasi, mwachieni meza. Sisi tunakula mkekani, na chakula kinatutosha.