Gari Halisahau: Mjomba Waya Anajibu

Wapwa zangu, mwezi huu barua nyingi zinalia kilio kimoja: simu na gari hazielewani. Yupo aliyekwisha kununua redio mpya Kariakoo kabla hajaniandikia, na sasa ana redio mbili zisizomsikiliza. Huyo simjibu, namwombea tu.

*Mjomba, shikamoo. Nimenunua Vitz iliyotoka Japani. Kila nikiliwasha gari, mwanamke ananisemesha Kijapani kwa sauti ya upole. Mama mkwe anasema gari lina kitu. Halafu simu yangu inaiona redio, lakini redio inaikataa simu. Je, mambo haya yanahusiana? Mwenye Vitz, Dodoma.*

Marahaba, mpwa. Mwambie mama mkwe auhifadhi ubani wake. Yule dada si pepo, anadai kadi. Kwao barabara za kasi hulipiwa, na tangu 2001 magari yamekuwa yakilipa huku yanapita, bila kusimama, kwa kadi inayochomekwa kwenye kijisanduku kilichofichwa upande wa dereva. Gari likiwashwa, kijisanduku hutafuta kadi, na kisipoiona husema: kadi haijachomekwa. Basi, hana jingine. Alipakiwa melini pamoja na gari, akavuka bahari, na mpaka leo hakuna aliyemwambia kwamba yuko Dodoma. Fundi umeme atamnyamazisha kwa kuchomoa plagi moja. Mimi wa kwenye Noah yangu sijamchomoa. Tumezoeana.

Kuhusu redio, ndiyo, yanahusiana: gari lako bado linaishi na mwenyewe wa kwanza. Fungua orodha ya simu ambazo redio inazijua. Utakuta majina kwa herufi za Kijapani: simu ya baba, ya mama, labda na ya kijana aliyekwisha kuhama nyumbani. Redio nyingi za zamani zina nafasi ya simu chache tu, na nafasi zikijaa mgeni hafunguliwi mlango, wala haambiwi sababu. Au anaambiwa kwa Kijapani, ambayo ni yale yale. Elekeza kamera ya simu kwenye kioo, programu ya kutafsiri itakusomea. Futa majina yote, kisha unganisha yako upya. Ukiulizwa namba ya siri, jaribu 0000, ikigoma jaribu 1234.

Ila usije ukachomoa betri ya gari ukidhani ndiyo njia ya kuisahaulisha redio. Baadhi ya redio za Toyota za Kijapani, zile zenye ramani, zikikatikiwa umeme hujifunga kwa kudhani zimeibwa. Kioo kinakuonyesha herufi ERC na namba ndefu, na kuanzia hapo huna redio mpaka umpate mtu wa kukutolea namba ya kufungulia kutokana na hiyo ya kwenye kioo. Atakutoza. Ndugu zangu mafundi wa Gerezani wanasomesha watoto kwa kosa hilo moja. Sipendi kuwaharibia, lakini na wewe ni mpwa wangu.

*Mjomba, mimi ni dereva wa teksi za mtandaoni, Sinza. Simu ikipigwa inaita vizuri kwenye spika za gari. Nikiweka wimbo unatoka kwenye simu, na yule mama wa ramani naye anasemea mfukoni mwangu. Siku nyingine wimbo unatoka garini lakini unakatika-katika. Abiria wananipa nyota tatu. Nyota Tatu.*

Watu wanadhani Bluetooth ni bomba moja, ukishaunga yote yanapita. Sivyo. Maongezi ya simu yana mlango wake na muziki una wake. Mlango wa maongezi ni mwembamba, umetengenezwa kwa ajili ya mtu anayesema “nipo hapa kwenye kona”, ndiyo maana wimbo ukipenyezwa huko unasikika kama bendi iko ndani ya ndoo. Mama wa ramani kwa kawaida hupita mlango wa muziki, na kwako mlango huo umefungwa. Ingia kwenye mipangilio ya simu, gusa jina la gari, utaona swichi mbili: ya simu, na ya sauti nyinginezo. Washa ya pili. Usipoiona kabisa, redio yako ni ya zamani na iliundwa ipokee simu tu. Hapo sina ushauri. Nunua waya, kama ina tundu lake.

Sasa kukatika. Bila shaka umewasha hotspoti ili simu yako ya pili ipate bando. Nilijua. Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4, na hotspoti nyingi ziko hapo hapo. Bluetooth ya muziki ni hodari wa kukwepa, ina njia 79 na hurukaruka kati yake mara 1,600 kwa sekunde, bodaboda wa Barabara ya Morogoro haoni ndani. Lakini hapa anayemzibia njia yuko chumba kimoja naye, ndani ya simu ile ile. Kama simu yako inaruhusu, hamishia hotspoti kwenye gigahezi 5. Kama hairuhusu, weka bando kwenye simu zote mbili, hayo ni maisha.

Halafu itoe mfukoni. Mwili wa mtu ni maji kwa sehemu kubwa, na maji huyameza mawimbi haya. Wewe umeikalia simu halafu unalaumu redio. Na kile kitufe cha kuokoa chaji, ambacho kwenye simu nyingi tunazonunua hapa hujiwasha chenyewe, kinaua muziki mara kioo kikizima. Kizime.

*Mjomba, natumia kile kidude cha kuchomeka kwenye tundu la kiberiti. Juzi niko kwenye foleni Mwenge nasikiliza taarabu, ghafla mhubiri akaanza kunikemea kwenye spika zangu. Nimeogopa. Mpenda Taarabu.*

Hukuchaguliwa, mpwa, punguza hofu. Kidude hicho ni kituo kidogo cha redio. Kinapokea wimbo kwa Bluetooth na kuutangaza kwa FM, na redio ya gari inakinasa kama inavyonasa kituo chochote. Tatizo ni uwanja. Redio za Kijapani ziliundwa kwa FM ya kwao, megahezi 76 hadi 90, baadaye wakasogea mpaka 95. FM ya kwetu inakwenda mpaka 108, na vidude hivi kwa kawaida huanza 87.5. Kwa hiyo wenye magari ya zamani kutoka Japani wote wanabanana kwenye kipande kile kile kifupi kabla ya 90, pamoja na vituo halisi vyenye mitambo mikubwa. Jirani yako kwenye foleni alikuwa na kidude kama chako, kwenye namba kama yako. Badilisha namba kwenye kidude, na kwenye redio pia, kisha endelea na taarabu yako. Fahamu tu kwamba huenda naye, katikati ya mahubiri, alisikia yako.

Na mluzi unaopanda ukikanyaga mafuta, ambao hukuuliza lakini najua unao, unatokana na umeme wa alteneta kupenya kwenye kidude cha bei poa. Nunua kingine.

*Mjomba, naendesha bajaji. Abiria wanaiteka redio yangu na kupiga nyimbo zao. Bajaji, Mbagala.*

Redio yako haiulizi namba ya siri, anayewahi ndiye bwana. Unga simu yako kabla abiria hajakaa. Au mtoze mia mbili ya udijei.

Barua mbili zifuatazo zimefika siku moja, katika bahasha za aina moja, zote kutoka Tegeta. Nazichapa kwa kufuatana.

*Mjomba, kila asubuhi kama saa kumi na mbili na nusu, niko sebuleni nakunywa chai, simu ikiita napokea, sisikii mtu. Haloo, haloo, kimya. Baada ya dakika chache simu inapona yenyewe. Mafundi wamenibadilishia spika mara mbili. Baba wa Chai.*

*Mjomba, asubuhi nawapeleka watoto shule. Leo gari liko uani linapasha moto, spika zikaita, nikasikia sauti ya mwanamke: “Mpenzi, watoto wako tayari, unakuja kuwachukua lini?” Wanangu wamekaa nyuma, wamesikia. Nataka kujua kwa nini simu ya mume wangu inaongelea ndani ya gari langu. La pili unalijua. Mama wa Shule.*

Baba wa Chai, usibadilishe spika ya tatu. Gari likiwashwa, redio hutafuta simu inazozijua, na mara nyingi huanza na ile iliyoungwa mwisho. Nadhani Jumapili uliendesha wewe. Bluetooth hufika mita kumi hivi bila shida, na kutoka uani mpaka kwenye kikombe chako cha chai hazifiki hizo, dirisha lenyewe liko wazi. Gari linaikamata simu yako, unapokea mkononi, sauti inakwenda nje. Gari likitoka getini, simu “inapona”.

Simu ukiiweka Kiswahili, tendo hili inaliita kuoanisha, na aliyelichagua neno alijua anachofanya, maana ndani yake mna kuoana. Simu inatunza cheti na redio inatunza cheti. Ukikichana kimoja tu, upande wa pili unaendelea kujiita mwenye ndoa na kubisha hodi kila asubuhi. Kwa hiyo talaka itolewe pande zote mbili. Naongelea simu, mama, tulia. Lifute gari kwenye simu ya baba, kisha nenda kwenye redio uifute simu ya baba, kisha uiunge ya kwako iwe ya mwisho. Baba akitaka kuendesha Jumapili, asikilize ya mama.

La pili. Mjini hapa siku hizi kila muuzaji humwita mteja mpenzi. Mimi nimeitwa mpenzi na mtu aliyekuwa ananiuzia taa ya nyuma ya Noah. Hilo liache. Tazama hiyo sentensi uliyoisikia. Wewe umesikia “watoto wako, tayari”. Isome tena: “watoto, wako tayari”. Kiswahili hakikuweka alama, na spika za gari haziweki pia.

Baba wa Chai, barua yako ya mwezi uliopita, ile ya kuuliza taa ipi inafaa kulelea vifaranga mia mbili kwenye stoo bila mtu wa nyumbani kujua, bado ninayo. Mwambie mwenyewe leo, kabla hawajafika. Na ukimwambia, usimpigie simu.