Mashine Isiyotaka Kuguswa

Shangazi yangu wa Malindi hana ugomvi na sindano. Ugomvi wake ni na ile mashine ya sanitaiza iliyopigiliwa ukutani pale hospitali tunakompeleka kupimwa presha. Aliinyooshea kiganja kwa adabu zote, akaigeuzia na mgongo wa mkono, akaitolea salamu. Kimya. Askari wa mlangoni akatoa ushauri wa kifundi: "Ipige ubavuni, mama. Huwa inasinzia."

Mashine hiyo imeundwa ili isiguswe. Kwa vile haitoi kitu bila kofi, kila mgonjwa aingiaye huizaba lake. Kama vidudu vya Malindi nzima, kuanzia Shela hadi Maweni, vina baraza la kukutania, basi ni ubavu wa mashine ya kuua vidudu.

Tusiionee, lakini. Hewa yetu ya bahari haina huruma. Chumvi na unyevu hula vyuma vya betri vikaota kutu. Betri ikipona, tundu linaziba: spiriti huruka, jeli ikabaki imeganda pale mdomoni, na siku ikikubali kutoka hutoka kombo. Shangazi alipozaba, nikatakaswa mimi niliyesimama kando, kifua kizima na mfuko wa shati.

Hata rangi ina kesi humu. Jicho la mashine za namna hii hutoa miale isiyoonekana, likangoja irudi; ngozi nyeusi huimeza mingi. Mwaka 2017 Mnigeria Chukwuemeka Afigbo alisambaza video ya mashine ya sabuni iliyouhudumia mkono mweupe na kuukataa mweusi, hadi mwenye mkono huo aliposhika karatasi nyeupe. Shangazi hajaiona video hiyo. Alichomoa tu kitambaa cheupe mkobani, akakitandaza kiganjani, mashine ikatema papo hapo. Tukaondoka na kitambaa safi kabisa.

Shirika la Afya Duniani linasema mikono isuguliwe kwa sanitaiza sekunde 20 hadi 30. Sisi muda huo tuliumaliza kwenye kubembeleza.

Ndani, sista alitoa kichupa mfukoni mwake, akajipaka, kisha akamtilia Shangazi.

"Na ile ya mlangoni?"

"Ile ni ya wakaguzi, mama."

Shangazi akasugua mikono polepole. "Wao wakija huipiga upande gani?"