Uainishaji wa Awali wa Burudani za Mtaani, kwa Matumizi ya Watendaji

Mpango wa burudani wa mtaa wowote wa Dar es Salaam huanza na aina ambayo wataalamu wote wanaikubali: Burudani ya Ramanini. Hutambulika kwa rangi ya kijani na maandishi "eneo la wazi". Haihitaji mlinzi wala fagio. Ukienda kuitazama kwa macho, mara nyingi unakuta gereji.

Jamaa yake wa karibu ni ukumbi. Ule wa Arnautoglu, pale Mnazi Mmoja, ulijengwa enzi za Waingereza uwe kituo cha jamii, na mwaka 1953 ndimo Julius Nyerere alimochaguliwa kuwa rais wa chama cha Tanganyika African Association (TAA). Kwa hiyo sayansi inao ushahidi kwamba watu wakipewa mahali pa kukutana, jambo linaweza kutokea. Kumbi za siku hizi zimehamia ukoo wa sendi-ofu, ambamo huingii bila kadi, na kadi huipati bila mchango.

Sasa tuje kwa viumbe hai. Kijiwe huota chenyewe penye kivuli, benchi lisilo na mwenyewe, na mtu wa kahawa na kashata. Spishi zake ni nyingi (cha bodaboda, cha drafti ya vizibo vya soda, cha wastaafu wanaopanga upya baraza la mawaziri kila asubuhi), lakini inayostahili uchunguzi ni kijiwe cha bao. Ubao una mashimo 32, kete ni 64, wachezaji wawili. Waliobaki ni makocha. Kocha haruhusiwi kusema, kwa hiyo hukohoa. Mzee akishika kete za shimo fulani, kikohozi kikatoka nyuma yake, anazirudisha taratibu, anashika za shimo la pili, na mpinzani anauliza kwa hasira nani hasa anacheza. Hakuna kamati iliyowahi kubuni huduma ya kitamaduni yenye ushiriki mkubwa kiasi hicho kwa gharama ya ubao mmoja.

Watoto wana chandimu, inayochezwa popote penye ndala nne za kuwekea magoli. Vijana wana kibanda umiza, chenye ligi ya Uingereza, mabenchi na joto. Hawa hawanipi shida.

Shida ya kitaaluma ni wanawake. Mtafiti akipita na fomu yake alasiri, anaandika: "Wanawake: hakuna burudani." Amewaona barazani, mmoja anasuka, mmoja anasukwa, wa tatu ana ungo wa mchele mapajani. Amehitimisha kwamba wako kazini. Kosa la mbinu! Angekaa kidogo angegundua kwamba ule mchele umeshachambuliwa muda mrefu na sasa unachambuliwa upya, kwa sababu habari ya jirani haijafika mwisho. Hii ni jenasi inayojitegemea, nami naiita Burudani yenye Kisingizio. Mwanamume akikaa kijiweni mikono mitupu anaitwa mtu wa watu. Mkewe akikaa vivyo hivyo, swali la kwanza ni nyumbani kumepikwa nini. Ungo ndio kibali chake.

Kwa kuwa fomu haikuiona, mpango nao hauioni. Kinachofika kwa wanawake ni mikopo, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ambayo wanagawana na vijana na watu wenye ulemavu. Ni jambo jema, lakini mkopo ni kazi nyingine. Na pale mtaa unapopata bustani halisi yenye mabenchi, wanaume huyajaza. Mtafiti wetu huandika kwamba akina mama hawana mwamko. Choo hakuna, taa hakuna, na mtoto akitaka kujisaidia mama anarudi naye nyumbani. Mwamko unahusika vipi hapo?

Basi nawaomba watendaji wa mitaa jambo dogo. Kabla ya kupeleka bajeti, mwacheni afisa utamaduni akae kijiweni asubuhi na barazani alasiri, bila fomu. Kisha fedha ikipatikana, hata kidogo, msianze na bango la uzinduzi. Anzeni na choo chenye maji, halafu taa, halafu benchi la pili.